Josho Moja kwa Wote

Kwetu humwulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Ni utovu wa adabu, tena mkubwa. Na hata ukiuliza hupati jibu la maana, kwa sababu ng'ombe wake hawako pale. Mmoja yuko Nambis kwa rafiki, mwingine yuko Tumati kwa rafiki mwingine, na pale zizini kwake ukiwaona watatu, ujue wawili ni wa watu. Anayekushikia ng'ombe anakunywa maziwa, wewe unahesabiwa ndama, na siku ugonjwa ukiingia kijijini kwako, yule ng'ombe wako wa mbali hata habari hana. Ndivyo tulivyoishi toka kwa babu zetu.

Sasa nawaeleza jinsi utaratibu huo ulivyovunjwa na nilichopoteza mimi, Efrazia, mjane wa Isidori, wa hapa Masakta. Mkitaka mtu wa kusimulia kwa upole, mtafuteni mwingine.

Nilikuwa na mtoto mmoja tu aliyekua, Natalia. Alifariki siku ya pili baada ya kujifungua. Hapo sisemi zaidi, sitaki. Aliacha mtoto wa kike, tukambatiza Kornelia. Baba yake alikuwa Pascal, dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali, kijana mzuri, sina ubaya naye. Baada ya msiba wazee wa Pascal walikuja wakakaa, wakasema mtoto ni wa ukoo wao. Ni kweli, ni wa ukoo wao. Wakasema dada yake Pascal ameolewa Moshi, kule ng'ombe wanafugwa bandani na maziwa hayakatiki, kwa hiyo mtoto aende akalelewe kule. Nikawaambia huyu hatoki hapa, labda mnibebe na mimi. Tukavutana mpaka jua likashuka. Mwisho Pascal mwenyewe akasema, "Maadamu kwa mama kuna maziwa, mtoto akae kwa mama." Wazee wakaguna, wakakubali, wakaaga.

Na maziwa yalikuwepo. Nilikuwa na ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe shavuni, mkali kwa wanaume, kwangu mpole kabisa. Nilikamua, nikachanganya na maji, nikachemsha, nikampa mtoto kwa kijiko. Kornelia akanenepa mpaka mikono ikafanya mikunjo. Majirani wakanitania, "Mama Natalia, huyo unamlea au unamnenepesha kwa ajili ya Krismasi?" Nikawajibu semeni tu, wenye wivu wajinyonge. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalala na kile kitoto kifuani, nikasikia pumzi yake, na nikaona angalau Mungu hakuchukua vyote.

Huduma ya mifugo siku zile ilikuwa yetu wenyewe. Josho la Masakta tulilijenga kwa mikono, wanaume wakachimba, wanawake tukabeba mawe kutoka mtoni. Lilikuwa limepinda kidogo, ng'ombe mnene akiingia anakwaruza ubavu, lakini lilikuwa letu. Alilitunza jirani yetu Bura. Dawa tulinunua kwa Bashiri, Mwislamu mmoja wa Katesh aliyekuwa na duka na gari bovu la kusukuma. Dawa ikikaribia kuisha Bura alituma neno, na Bashiri alileta. Akikosa Katesh aliifuata Mbulu, akikosa Mbulu aliifuata Babati. Alitupiga bei, tusidanganyane, Bashiri hakuwa malaika. Lakini dawa ilifika. Ukimgombeza alicheka akasema, "Mama Natalia, kupe hawangoji, na mimi sikungojeshi."

Kisha tukaitwa mkutanoni. Alikuja mkubwa mmoja amevaa suti ya kaunda, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji, akatueleza kwamba majosho madogo ni hasara, kila kijiji kinajifanyia lake, dawa inapotea, wataalamu hawatoshi. Litajengwa josho moja kubwa la kisasa karibu na kambi ya shamba la ngano, vijiji vyote vitumie hilo. Dawa itatoka mkoani, bure. Ila kila ng'ombe arudi kwa mwenyewe, ahesabiwe, apigwe chapa na aogeshwe pale. Atakayekutwa na ng'ombe wa mtu mwingine zizini atatozwa faini, na ng'ombe haruhusiwi kuhama bila kibali.

Tukapiga makofi. Bure jamani! Nani asiyepigia makofi kitu cha bure? Ni Bura tu aliyenyoosha mkono. "Na dawa ikichelewa?"

"Mzee, serikali haichelewi," akasema yule mkubwa. Watu wakaangua kicheko, na Bura mwenyewe akacheka, akakaa.

Sikatai, josho lilikuwa zuri. Saruji nyeupe, paa la bati, uzio wa mabomba. Siku ya kulifungua walichinja dume na tukala pilau. Josho letu la Masakta likafukiwa kwa udongo ili mtu asije akaogesha kwa kujificha. Mwaka huohuo maduka ya watu binafsi yalifungwa, likabaki duka la kijiji, na Bashiri akabaki kukaanga mandazi na mke wake Sauda pale Katesh.

Ng'ombe wangu wa Tumati nilimfuata mwenyewe. Alizaliwa kwa Margwe, rafiki wa marehemu mume wangu, na mama yake tulimweka kule tangu Natalia hajaota meno. Nilipomwambia Margwe nimekuja kumchukua, uso ulimbadilika.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

Hapo lazima muelewe. Kwetu ukimchukua ng'ombe uliyemweka kwa mtu bila sababu ya mahari au msiba, umemwambia huyo mtu kwamba ni mwizi. Urafiki wa ukoo na ukoo unakufa palepale, hata watoto hawaoani. Nikamweleza habari ya chapa, ya kuhesabiwa, ya faini. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo mvua ya mawe ikija," akasema, "itukute wote tumesimama shamba moja."

"Ndiyo amri, shemeji. Mimi ni nani?"

Akamfungua. Mke wake aliingia ndani, hakutoka kuniaga. Na pale kwangu Masakta zizi likajaa kama la tajiri, ng'ombe wangu wote pamoja, mweusi wangu, huyu wa Tumati, na mtamba aliyekuwa Nambis. Nilikuwa sijawahi kuwaona pamoja maisha yangu yote. Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, lakini nikajiambia Efrazia, acha ushamba, haya ndiyo maendeleo.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Ilikuwa mbali, asubuhi nzima ya kutembea, kwa kuwa kukatiza kwenye ngano ilikuwa kosa na ilibidi tuyazunguke mashamba yote. Lakini dawa ilikuwa kali, kupe walidondoka. Kisha yakaja mavuno. Lori la kuleta dawa likachukuliwa kubeba ngano. Tukaambiwa dawa iko njiani. Wiki iliyofuata, iko njiani. Makombaini ya kuvunia yalinguruma ng'ambo ya uzio, malori yalipita yamejaa mpaka ngano inamwagika barabarani, na sisi tumesimama pale na ng'ombe wa vijiji vyote wamebanana pembe kwa pembe, wanapeana kupe kama watu wanavyopeana mikono ya amani kanisani. Bwana mifugo, kijana mmoja aitwaye Alfredi, akawa anaongeza maji kwenye josho ili walau ng'ombe waloe. Walitoka wamelowa tope. Tukarudi nao nyumbani, na wiki nyingine tukaambiwa turudi, asiyekuja faini. Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Sisi iliumiza zaidi ya matumbo.

Ndigana, ile homa ya kupe, ikaingia. Wa kwanza alikuwa yule wa Tumati. Uvimbe chini ya masikio, macho maji maji, anahema kama amekimbia, na povu puani. Akafa ameegemea ukuta. Mtamba akafuata. Kwa majirani vilevile, hakuna boma lililosalimika, maana wote walipita bwawa lile lile la tope. Harufu ilikuwa kila mahali. Mbwa walishiba mpaka wakawa hawabweki.

Mweusi wangu alishika moto wa homa siku ya Ijumaa. Nilimchanja masikio, nikamnywesha miti shamba, nikammwagia maji, nikamfunika blanketi langu mwenyewe. Nilimwambia, "Usinifanyie hivi. Watoto wote wawili mimi na huyu tunakutegemea." Ndiyo, nilijiita mtoto, nilikuwa nimechanganyikiwa. Asubuhi nilipopeleka kibuyu alinitazama tu. Chuchu zilikuwa kavu. Mchana akafa, na mimi nikalia kwa sauti kama siku ya Natalia, sikuona aibu hata kidogo.

Nilimwendea Alfredi nikamtukana. Nilimtukana yeye, na mama yake aliyemzaa, Mungu anisamehe, kwa kuwa mama yake hakuwa na kosa. Alinisubiri nimalize.

"Mama, nimeomba hiyo dawa mpaka nimechoka," akasema. "Ningeinunua hata kwa mshahara wangu. Muuzaji hayupo. Dawa zote ziko ghala moja, na funguo haziko huku."

Nikaenda Katesh kwa Bashiri. Nilitaka dawa ya nini wakati ng'ombe wamekufa? Nilitaka maziwa ya kopo. Zamani yalikuwa yamepangwa pale nyuma ya kichwa chake. Nilimkuta anageuza mandazi.

"Wallahi sina, Mama Natalia," akasema. "Njia naijua mpaka leo. Nikitoka sasa hivi, kesho nimerudi nayo. Lakini nikikamatwa na kopo moja nalala ndani, na Sauda ana watoto." Akanifungia mandazi kwenye gazeti akanikataza kumshukuru. Duka la kijiji lilikuwa na majembe yasiyo na mipini na viberiti, basi.

Kornelia alikuwa ameanza kutambaa. Nikampa uji. Alikunywa, akatazama kijiko, akanitazama mimi, akalia. Mbuzi nilikuwa naye mmoja, na alikuwa dume. Mama mmoja jirani mwenye mtoto mchanga alimnyonyesha mara kadhaa, lakini na yeye alikuwa anakula nini hata maziwa yatoke? Ile mikunjo ya mikono ikaanza kupotea. Nywele zikawa nyepesi, nyekundu. Kila asubuhi nilimwinua nikaona amepungua, na sikumwambia mtu.

Pascal alikuja na ovaroli lake la kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Kornelia."

Alimchukua mtoto, akampima kwa mikono. Nilijua anachotaka kusema na sikutaka akiseme.

"Mama, maziwa yapo?"

"Yatakuwepo," nikamjibu. "Nipe mpaka Jumapili."

Usiku sikulala. Asubuhi nikamwacha Kornelia kwa jirani, nikapanda kwenda Tumati. Nilikwenda na aibu yangu yote, kwa sababu nilikuwa nimemnyang'anya Margwe ng'ombe, na huyo ng'ombe nimekwenda kumuua. Nikapiga hodi. Margwe akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Hakusema "nilikuambia." Mtu mwingine angesema, mimi ningesema. Aliingia zizini, wale wa kwake walikuwa hawajapelekwa popote, kule juu amri ilikuwa bado inasuasua, akatoka na ng'ombe mwekundu mwenye ndama.

"Huyu ni wa Kornelia," akasema. "Akinywa mpaka akaota meno yote, mtamrudisha. Asiporudi pia sawa."

Nikapiga magoti. Mke wake akanivuta mkono, "Inuka wewe, mtoto ana njaa, magoti ya nini?" Tulicheka wote watatu, nami nililia hapohapo. Margwe akasema atanisindikiza mpaka nyumbani. Njiani niliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa, watu wa mashambani wakafikiri ni harusi. Nilihesabu nitakavyomkamua jioni hiyohiyo, Pascal akija Jumapili akute chungu kiko jikoni kinachemka.

Kwenye mpaka wa wilaya yao na yetu kulikuwa na kizuizi kilichowekwa baada ya ndigana, mti umelazwa barabarani; asubuhi nilikipita bila ng'ombe, sikuulizwa kitu. Askari wa mifugo akatuinulia mkono. "Kibali."

Margwe akamwambia ng'ombe ni wake, anampa shemeji yake, mtoto yatima anakosa maziwa.

"Mzee, nimeelewa," askari akasema. Alikuwa mpole, hata hilo liliniudhi. "Lakini anatoka wilaya moja kwenda nyingine. Kibali hicho hakisainiwi hapa wala wilayani. Kinasainiwa mkoani."

"Na huko mkoani nani anasaini?"

"Yuko mmoja. Yuko semina."

"Atarudi lini?"

"Hatujaambiwa, mama."

"Na hii sheria ni ya nini?" nikamwuliza.

"Kulinda mifugo ya huko mnakokwenda isiambukizwe."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Mwanangu, mifugo ipi? Njoo na mimi nikuonyeshe hiyo mifugo. Leta na koleo, maana mingine bado hatujaifukia." Akainamisha macho, akarudia kwamba akituachia kazi yake imekwisha, na kituo cha mbele wangetukamata tu. Margwe akataka kuzungukia porini. Askari akasema mzee, msinilazimishe. Nyuma yake walikuwepo wengine wawili na bunduki. Nikamshika Margwe mkono.

Basi nikamkamua pale pale kwenye kizuizi. Nilichuchumaa barabarani, wale askari wakatazama pembeni, Margwe akamshika ndama asisogee. Kikajaa kibuyu kimoja. Margwe akageuka na ng'ombe wake kurudi Tumati, alikuwa anajifuta uso na ncha ya shuka, na mimi nikashuka na kibuyu nimekikumbatia kwa mikono miwili. Sikuimba.

Kornelia aliyanywa. Jamani, mngemuona alivyoyanywa! Alishika kijiko kwa vidole vyake vyote, akapiga kelele nilipokitoa kukijaza tena. Nilimpunguzia, nikayachemsha tena asubuhi yasiharibike, nikaongeza maji, nikaongeza tena. Jumamosi kibuyu kilikuwa kitupu, nikakisuuza kwa maji ya moto, na hayo maji nayo nikampa.

Jumapili Pascal alifika baada ya misa. Alinikuta nimekaa mlangoni na mtoto mapajani. Alikaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kanisani, akafunika uso. Mimi ndiye niliyesema. "Mpeleke," nikasema. "Akibaki hapa nitamzika." Kusema neno hilo sijui nguvu nilitoa wapi, na mpaka leo likinijia nikiwa nalima naacha jembe nakaa chini.

Usafiri ulikuwa taabu, mabasi hayakuwa na mafuta. Lakini Jumatatu lile lori la dawa likafika. Ndiyo, lilifika. Dereva alikuwa anajuana na Pascal, akasema akishusha mzigo anarudi tupu, atawapeleka mpaka njia panda ya Moshi. Nikambeba Kornelia mgongoni kwa kitenge, nikatembea naye asubuhi ile nzima kuzunguka ngano mpaka kwenye josho kubwa. Ngano ilikuwa imeshavunwa, yamebaki mabua tu. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mara mbili niligeuza shingo kuhakikisha yupo.

Pale joshoni hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Vibarua walikuwa wanaviringisha mapipa ya dawa kutoka kwenye lori, bluu, mapya, mengi kuliko tuliyowahi kuyaona. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akasema kwa nguvu, "Si mnaona? Imefika." Alfredi alisimama karibu na uzio, aliponiona akavua kofia.

Nilimfungua mtoto mgongoni. Nilikuwa nimemfulia kanzu yake, nikamfunga leso kichwani kuficha zile nywele, dada wa Pascal asije akafikiri nilimtesa. Nikamwambia Pascal amlaze kifudifudi, akilala chali anakabwa. Nikamwambia anapenda kuimbiwa. Nikamwambia na mengine, sikumbuki, nilikuwa naongea tu ili nisimtoe mikononi. Pascal akapanda nyuma ya lori, akanyoosha mikono, nikamwinua Kornelia, akampokea.

Hakulia. Alikuwa hajawahi kupanda gari maishani mwake, akatazama huku na huku kutoka kule juu, akamvuta baba yake sikio, akacheka. Nilitaka alie. Mungu anisamehe, nilitaka alie japo kidogo, aninyooshee mikono, nijue kwamba ananijua. Nikamwita, "Kornelia!" Akanitazama, akacheka tena, akageukia injini iliyokuwa imewashwa.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Bibi, sogea kidogo, gari linarudi nyuma."

Nikasogea.